MWANA HUSIKIA KABLA HATUJAMWONA

Alasiri moja mwezi uliopita alinijia binti wa jirani yetu, mja mzito wa miezi saba, na mkononi mwake mna kijisanduku kilichofungwa kwa karatasi ya kung'aa. "Shikamoo Shangazi," akasema, nami nikamwitikia na kumkaribisha mkekani. Akafungua sanduku, akatoa mkanda mpana wa kitambaa uliotiwa vipaza sauti viwili vidogo, wa kufungwa tumboni. Mumewe ameuagiza kutoka ng'ambo. Maandishi ya sandukuni yadai kwamba mwana akipigiwa muziki na kusomewa masomo kwa mkanda ule tangu yu tumboni, atazaliwa mwenye akili kuwapita wenziwe.

"Shangazi, nimekuja kutaka shauri. Mwenyewe ataka nimtilie Qurani, wifi yangu asema Kiingereza kwanza, na mama asema yote hayo ni upuuzi mtupu. Wewe waonaje?"

Kabla sijautazama mkanda nilimtazama yeye. Upande wa ndani wa kope zake ulikuwa mweupe, na ngazi tatu tu za mlangoni petu zilikuwa zimemwacha anahema. Nikamwuliza amekula nini tangu asubuhi. Chai ya rangi na kipande cha mkate. Adhuhuri hakuwa na hamu ya chakula, ila alitafuna udongo kidogo. Na vile vidonge vya damu alivyopewa kliniki? Ameviacha, vyamtia kichefuchefu. Kisha akanitajia bei ya mkanda, nami nikaona kwamba fedha zile zingaliwatosha samaki na mboga za mwezi mzima.

Basi ndipo nilipokusudia kuyaandika haya, kwani najua si nyumba ile peke yake. Wazee wengi wa leo wamesikia kwamba mtoto huanza kujifunza kabla hajazaliwa, nao wamesikia kweli. Lakini wameambiwa na wenye kuuza vitu kwamba mafunzo hayo yanunuliwa dukani, na hapo ndipo wanapodanganywa.

ASIKIACHO MWANA

Sikio la mwana huanza kuitikia sauti kiasi cha mwezi wa sita. Wenye kuchunguza mambo haya wasema kwamba baina ya wiki ya 24 na ya 28 ndipo watoto walio wengi huonekana kushtuka au kugeuka kwa sauti itokayo nje. Lakini asikiacho si kama tusikiacho sisi. Mfano wake ni mtu aliyelala chumba cha ndani, na barazani watu wanazungumza. Maneno hayapati wazi, maana ukuta umeyafifiza. Ila atambua ni nani asemaye, na kwamba amefurahi au ameghadhibika, na sauti yapanda wapi na kushuka wapi. Ukuta wa mwana ni nyama ya mamake na maji ya chupa aliyomo, na ndani yake mna mvumo wa damu na mapigo ya moyo usiku na mchana. Sauti moja tu humfikia kwa njia mbili, kwa hewa na kwa mifupa na mwili wenyewe, nayo ni sauti ya mamake. Hapana kipaza sauti kiwezacho kushindana nayo.

Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, waliwajaribu watoto waliokuwa hawajatimiza siku tatu tangu kuzaliwa. Walimpa mtoto chuchu ya mpira iliyounganishwa na mtambo: akinyonya kwa mwendo huu asikia sauti ya mamake, akinyonya kwa mwendo ule asikia sauti ya mwanamke mwingine. Watoto wale wachanga, ambao hata kichwa hawawezi kukiinua, waligeuza mwendo wa kunyonya kwao ili wapate kumsikia mama. Wapi walikozoea sauti ile, ikiwa si tumboni?

Mwaka 1986 DeCasper na mwenziwe Melanie Spence wakaendelea mbele. Waliwaomba waja wazito wasome hadithi moja ya watoto kwa sauti, mara mbili kila siku, katika wiki sita za mwisho. Watoto walipozaliwa wakasomewa hadithi ile na nyingine wasiyoizoea, nao wakaipendelea ile ya kwanza, hata iliposomwa na mwanamke asiyekuwa mama yao. Maana yake, hawakuizoea sauti peke yake bali na mwendo wa maneno yenyewe, pale yanapokwenda mbio na pale yanapotua.

Na lililonistaajabisha mimi kuliko hayo ni la mwaka 2009. Kathleen Wermke na wenziwe, huko Ujerumani, walizisikiliza sauti za vilio vya watoto wachanga 60, nusu yao wa Kifaransa na nusu wa Kijerumani, wenye umri wa siku mbili hadi tano. Vilio vya watoto wa Kifaransa vilielekea kupanda, na vya watoto wa Kijerumani vilielekea kushuka, kama zipandavyo na kushuka sauti za mama zao wasemapo lugha zao. Mtoto hajui neno hata moja, naye tayari alia kwa lafudhi ya kwao! Nami sioni ajabu kudhani kwamba wetu nao huusikia mapema ule mkazo wetu wa Kiswahili, uangukao karibu na mwisho wa kila neno, ijapokuwa sijui aliyeupima.

Wala si sikio peke yake. Chakula alacho mama huacha ladha yake katika yale maji, na mwana huyameza kila siku. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenziwe wa Philadelphia waliwapa waja wazito maji ya karoti wayanywe siku nne kwa wiki, kwa wiki tatu katika miezi ya mwisho. Watoto wao walipofikia wakati wa kulishwa uji, hawakuukunjia uso uji uliotiwa karoti kama walivyoukunjia wenziwao. Basi mama alaye mchicha na kisamvu na mbaazi na tangawizi, tayari amemwonjesha mwanawe meza ya nyumbani kwao kabla hajapewa kijiko.

ASICHOJIFUNZA

Sasa twende kwenye upande wa pili, maana hapa ndipo biashara inapopita.

Yote niliyoyataja ni kuzoea na kutambua. Mwana huijua sauti, huujua mwendo, huijua ladha. Hapana aliyethibitisha kwamba mtoto alitoka tumboni na hesabu, au na Kiingereza, au kwamba akili yake ilizidi kwa sababu ya muziki aliopigiwa. Madai yale ya muziki yana asili yake, na ni vema asili hiyo ijulikane. Mwaka 1993 Frances Rauscher na wenziwe wa California walichapisha habari fupi juu ya vijana 36 wa chuo kikuu, waliosikilizishwa muziki wa Mozart kwa dakika kumi, kisha wakafanya vizuri zaidi katika jaribio moja la kuwaza maumbo; na faida ile ilidumu kiasi cha robo saa, ikapotea. Vijana wa chuo, si watoto wachanga, sembuse walio tumboni! Lakini habari ilivumishwa hata mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia akataka kila mtoto azaliwaye jimboni apewe muziki wa namna hiyo kwa fedha za serikali. Tangu hapo wauzaji hawakulala.

Kuna na jambo la hatari. Mwana hulala sehemu kubwa mno ya siku yake, na usingizi ule ndio wakati ubongo wake unapojengeka; kumfungia kipaza sauti karibu na mwili ni kumpigia kelele kitandani. Huko Sweden, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 juu ya watoto zaidi ya milioni moja uliona kwamba mama waliofanya kazi kutwa penye kelele nyingi sana wakati wa mimba, watoto wao walikuwa na kasoro za kusikia zaidi kuliko wengine. Nasi kwetu tunamkalisha mja mzito arusini mbele ya masanduku ya muziki yatikisayo hata vikombe, ati ndipo mahali pa heshima. Mpelekeni akakae nyuma.

Huenda msomaji akauliza: katika Suratun-Nahl, aya ya 78, twakumbushwa kwamba tulitoka matumboni mwa mama zetu hatuna tulijualo, je, habari hizi haziipingi? Mimi sioni kupingana. Kuijua sauti ya mama si elimu, kama vile kifaranga kumfuata kuku si elimu. Aya ile ile yataja tuliyopewa ili tupate kujua, na kinachotangulia kutajwa humo ni kusikia. Sipendi mtindo wa siku hizi wa kuivuta kila aya iwe ushahidi wa maabara. Nasema tu kwamba mwenye kuisoma aya hiyo hana sababu ya kushtuka.

Basi yule binti nilimwambia hivi: Qurani, ndiyo, lakini isome wewe mwenyewe, kwa sauti yako, baada ya Alfajiri au Magharibi, kiasi cha nafasi yako. Hata ukisitasita. Msomaji mashuhuri aliyemo mtamboni sauti yake nzuri kuliko yako, na mwanao hamjui. Na ukichoka kusoma, zungumza. Imba ukipika. Mwite mtoto wa jirani umtolee hadithi, wa tumboni naye atakuwamo barazani.

SAUTI YA BABA

Akaniuliza, "Na yeye mumewe je? Kila jioni huinama akamsemesha."

Hili lilinipa uzito kulijibu. Mwaka 1984 DeCasper, pamoja na Phyllis Prescott, aliwajaribu watoto wachanga kwa sauti za wanaume, na hawakuonyesha kumpendelea baba kuliko mwanamume mwingine, ijapokuwa waliweza kuzitenga sauti mbili zile. Sauti ya baba hupita kwa hewa na ukuta, humfikia kwa uchache. Mapenzi ya kuizoea yatakuja baadaye, akisha kumpakata.

Lakini baba asihuzunike, kwani ana njia nyingine iliyo kubwa zaidi. Kila kimfikiacho mwana hupita kwa mama: damu, chakula, usingizi, amani. Mwenye kumhudumia mama ndiye amhudumiaye mwana, na hapo baba aweza kuwa mwalimu kuliko kipaza sauti chochote. Yaliyosalia katika makala haya nayaandika zaidi kwa waume, na kwa mama wakwe.

SAHANI KABLA YA SOMO

Ubongo wajengwa kwa chakula. Ule mrija ambao ndio asili ya ubongo na uti wa mgongo hufungika kiasi cha siku 28 tangu mimba kutunga, na wakati huo wanawake wengi hawajajua kuwa wamechukua mimba. Usipofungika sawasawa, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, au huzaliwa hana uhai. Mwaka 1991 ulichapishwa uchunguzi mkubwa ulioongozwa na Waingereza katika nchi saba, ukaonyesha kwamba wanawake waliokwisha kupata mtoto wa namna hiyo, wakitumia foliki tangu kabla ya mimba, hatari ya kumpata mwingine yapungua kwa saba katika kumi na zaidi. Kwa wengine wote kiasi kinachousiwa ni mikrogramu 400 kila siku, na yafaa kuanza kabla ya mimba, si baada ya kukosa siku. Kwa hiyo zawadi ya kumfaa bibi arusi ni kidonge hicho, nacho ni rahisi mno. Kenya na Tanzania zimewalazimisha wenye vinu vikubwa kutia foliki katika unga. Lakini unga tuusagishao katika mashine ya mtaani haumo katika hesabu hiyo.

Damu nayo. Mwana hujiwekea akiba yake kubwa ya madini ya chuma katika miezi mitatu ya mwisho, na ubongo wake wayahitaji madini hayo kwa kujengeka. Mama asiye na akiba atampa nini? Shirika la Afya la Ulimwengu lausia miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku kwa mja mzito. Najua vidonge vile vyachafua tumbo na kukigeuza choo kiwe cheusi. Weusi huo si dhara. Ameze usiku wakati wa kulala, baada ya kula kidogo. Na vikimshinda kabisa arudi kwa mkunga ambadilishie, asivifiche kabatini. Kisha chai. Hapa nitawaudhi wengi, mimi mwenyewe nikiwamo, kwani pwani yetu hailali bila chai. Lakini chai inywewayo pamoja na chakula huyazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Aile mboga yake na ndimu, au chungwa, au embe, vyote hivyo huyasaidia kuingia, na chai aingoje saa moja au mbili.

Na udongo. Hamu ya udongo, au mchele mbichi, ni jambo la zamani, wala si la kumcheka mtu. Uchunguzi uliofanywa kwa waja wazito wa Pemba, ukachapishwa mwaka 2010, uliona kwamba wenye hamu hizo ndio waliokuwa na upungufu wa damu zaidi. Ama udongo huleta upungufu, ama upungufu ndio uletao hamu, wataalamu wangali wanashindana; kwa mama ni mamoja. Mwanamke akionekana anatafuna udongo asigombwe, apelekwe akapimwe damu.

Sasa chumvi, jambo ambalo wengi hawalidhanii kabisa. Madini joto yaliyomo chumvini ndiyo yawezeshayo tezi ya shingo kuendesha ukuaji wa ubongo, na mwana katika miezi ya mwanzo hana tezi ya kutosha, hutegemea ya mama. Mwaka 2013 walichapisha Waingereza habari za mama kiasi cha elfu moja wa magharibi ya nchi yao: waliopungukiwa na madini hayo mwanzoni mwa mimba, watoto wao walipotimia miaka minane na tisa walikuwa nyuma katika maneno na katika kusoma. Na upungufu wenyewe haukuwa mkubwa. Mtu atasema, sisi watu wa bahari, twala samaki, upungufu utatoka wapi? Ndivyo walivyosema watu wa Zanzibar. Basi matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006, baada ya kuwapima watoto wa shule karibu elfu kumi na mbili, yalionyesha uvimbe wa shingo kwa watoto 21 katika mia huko Unguja na 32 katika mia huko Pemba. Na chumvi yenye madini joto ilionekana Pemba katika nyumba moja tu kwa kila mia. Hiyo ni hesabu ya siku zile, sikuileta kama ya leo. Naileta kwa sababu kisiwa kilichozungukwa na maji ya bahari pande zote kilikuwa na upungufu ule, kwa kuwa watu waliamini bahari imewatosha. Tazameni pakiti, imeandikwa madini joto? Ile ya kupimiwa kwa kikombe haina dhamana.

Samaki hata hivyo ni wema. Mama wa huko huko magharibi ya Uingereza, ambao walikula zaidi ya gramu 340 kwa wiki, watoto wao walionekana wazuri zaidi katika maneno na katika mikono, kwa habari zilizochapishwa mwaka 2007. Ila papa na nduwaro aviepuke wakati wa mimba, maana samaki wakubwa walao wenzao hukusanya zebaki, na zebaki ni adui wa ubongo mchanga. Dagaa, vibua na changu wamtosha, na bei yao humpendeza mwenye nyumba.

RAMADHANI

Siwezi kuyaacha haya, na najua yatasomwa kwa jicho kali.

Mimba yangu ya kwanza ilikutana na Ramadhani. Nilifunga mwezi wote, wala si kwa taqwa, Mungu anisamehe, bali kwa kuona haya mbele ya wakubwa wa nyumba, ambao walikuwa na desturi ya kuhesabu nani ameonekana akila. Siku ya ishirini nilianguka jikoni karibu na moto. Hakuna aliyeniambia kwamba sheria imenipa ruhusa, au aliyejua hakutaka kusema.

Ruhusa ipo. Mtume s.a.w. alifahamisha kwamba mja mzito na mwenye kunyonyesha wameondolewa uzito wa kufunga kama msafiri. Wanavyuoni wa madhehebi ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa pwani yetu, wamepambanua: akihofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mwana, atakula, kisha atalipa siku zile baadaye, akihofia mwana peke yake, atalipa na atatoa kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Wa Hanafi husema kulipa kwatosha.

Na elimu ya leo yasemaje? Haijatoa hukumu moja. Mwaka 2015 walichapisha Douglas Almond na wenziwe hesabu za wanafunzi wa Kiislamu wenye asili ya Pakistani na Bangladesh huko Uingereza: wale ambao Ramadhani iliwakuta katika miezi ya mwanzo ya mimba, walipofika miaka saba walikuwa nyuma kidogo katika masomo yao. Tofauti ni ndogo, tena hawakujua ni mama yupi aliyefunga na yupi aliyekula, walitazama tarehe za kuzaliwa tu. Upande wa pili, mwaka 2018 zilikusanywa pamoja chunguzi nyingi, na haikuonekana kwamba kufunga kwapunguza uzito wa mtoto au kwamleta kabla ya wakati. Basi hapana mwenye haki ya kumtisha mja mzito mwenye afya anayependa kufunga na akaweza. Na hapana mwenye haki ya kumwaibisha yule aliyekula. Mwenye upungufu wa damu, mwenye kisukari, mwenye kutapika asitulize maji, hao wamwone daktari kabla mwezi haujaandama, wasingoje kuanguka.

Na nyinyi mama wakwe, mwanamwali akionekana amebeba sahani mchana wa Ramadhani, mkunjulieni uso.

AMANI YA NYUMBA

Januari ya mwaka 1998 mvua ya barafu iliangusha nguzo za umeme huko Quebec, Kanada, watu wakakaa gizani na baridini, wengine kwa wiki kadhaa. Suzanne King na wenziwe waliwafuata wanawake waliokuwa na mimba siku zile. Watoto wa wale waliopata shida kubwa zaidi walionekana, walipofika miaka miwili, wamechelewa katika maneno na fahamu kuliko wa wale waliopata shida ndogo. Dhoruba ile hakuileta mtu. Lakini kuna dhoruba za ndani ya nyumba, ambazo mwenye kuzileta ajulikana kwa jina lake: ugomvi wa kila usiku, fedha za matumizi zinazofichwa, maneno ya mke wa pili yanayotupwa mezani kama chumvi, na mkono unaoinuliwa. Mwana hafahamu maneno, nimekwisha kusema. Ila huyasikia mapigo ya moyo wa mamake yakienda mbio, na damu impitiayo ndiyo iliyochukua homoni za hofu.

Sigara mume akaivute njiani, mbali na dirisha. Chandarua kitumike kila usiku, na dawa ya kinga ya malaria itolewayo kliniki kuanzia mwezi wa nne asiikose, kwani malaria humdhoofisha mwana hata pale mama asipoona homa. Na siku ya kliniki mume aende naye, japo mara moja, amsikie mkunga kwa masikio yake; tangu mwaka 2016 Shirika la Afya la Ulimwengu lataka mja mzito aonwe mara nane, na mara nane ni nyingi kwa mwanamke aendaye peke yake kwa nauli ya kuomba.

Yule binti alikuja tena juzi. Amekwisha pimwa, damu ilikuwa chache kama nilivyodhani, na mkunga amempa vidonge vya namna nyingine ambavyo tumbo lake limevikubali. Alikuwa na kikapu cha mchicha, akakaa kuuchambua hapo mkekani. Ule mkanda, akasema, shemeji yake mdogo ameupasua, akatoa vile vipaza sauti, na sasa asikilizia mpira kwavyo. Mumewe alinuna siku mbili. Siku ya tatu alirudi kutoka kazini na fungu la dagaa, akaketi karibu naye jikoni, akamwambia amsimulie mambo yote ya mchana kutwa, asiache hata moja, ati mwana apate kumsikia mamake.

"Nami sina la kusimulia, Shangazi," akasema huku anacheka. "Jana nimemweleza bei ya nazi mara mbili."